Kikanisa cha Odda: majibu kwa wasomaji

Tulipokitaja kikanisa cha Odda, kabaila wa karne ya 11, kilichopo Deerhurst, katika mkoa wa Gloucestershire nchini Uingereza, maswali yalituijia kwa wingi. Tunayajibu yale yaliyojirudia.

Tarehe ya ujenzi inajulikanaje kwa uhakika?

Mwaka 1675 jiwe lenye maandishi ya Kilatini lilifukuliwa katika shamba la matunda jirani. Linasema kwamba Odda aliamuru “jumba hili la kifalme” lijengwe kwa heshima ya Utatu Mtakatifu, kwa ajili ya roho ya nduguye Ælfric, na kwamba Askofu Ealdred aliliweka wakfu siku ambayo kwa hesabu yetu ni tarehe 12 Aprili 1056, mwaka wa 14 wa utawala wa Mfalme Edward. Ælfric alifia hapo Deerhurst mwezi Desemba 1053. Odda naye alifariki Agosti 1056, kwa hiyo alikiona kikanisa chake kikitumika kwa muda usiozidi miezi mitano. Majengo ya zama hizo yanayojitajia tarehe yenyewe ni machache mno, na kwa sababu iyo hiyo msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, una thamani isiyopimika.

Iweje jengo la mawe lisahauliwe kijijini?

Lilisahauliwa huku watu wakiishi ndani yake. Nyumba ya shamba yenye nguzo za mbao ilijengwa ikiwa imeegemea ukuta wake, ukumbi wa waumini ukageuzwa jiko, sehemu ya altare ikawa chumba cha kulala, na kuta zikafunikwa lipu hata pasibaki dalili ya ibada. Ni mwaka 1865, wakati wa matengenezo, ndipo ukale wake ulipoanza kujitokeza, na kasisi wa kijiji, George Butterworth, akalihusisha na lile jiwe, ambalo awali lilidhaniwa kuwa la kanisa kubwa la Mtakatifu Maria lililo hatua chache kutoka hapo. Wapo wanaolisikitikia lile jiko. Mimi nalishukuru, kwa kuwa nyumba yenye wakaaji huezekwa upya paa linapovuja, ilhali gofu huachiwa mvua.

Kwa nini wahifadhi hukataa saruji, ambayo ni imara zaidi?

Uimara huo ndio tatizo. Ukuta wa kale wa mawe yaliyoungwa kwa chokaa hunyonya maji na kuyatoa polepole kupitia maungio; ukiyaziba kwa saruji, unyevu hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda chini ya uso wake, na baada ya miaka kadhaa uso huo hubanduka vipande vipande. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe, waliozoea chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, hawahitaji kuelezwa hayo. Deerhurst, iliyo karibu na Mto Severn unaofurika mara kwa mara, inahitaji uangalifu huo maradufu.

Mgeni ataona nini leo?

Ataona ukumbi wa takriban mita 7.8 kwa 4.9, mtupu, wenye tao la mawe linaloelekea kwenye altare, na nyumba ya shamba ikiwa bado imekiegemea. Jiwe atakalolikuta ni nakala. Lile halisi limo katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford.