Miezi 3 Inamtosha Pweza?

SWALI: Nachokoa pweza huku Makunduchi tangu usichana wangu. Sasa kamati ya wavuvi inataka mwamba ufungwe miezi 3, pweza wasivuliwe, na watafiti wanakuja kupima pweza wetu na kuwapasua. Miezi 3 itabadilisha nini? Na ndani ya pweza wanatafuta nini?

JIBU: Dada yangu, miezi 3 kwa pweza si kidogo. Pweza wa mwambani haishi zaidi ya mwaka na kitu, kwa hiyo hukua mbio. Yule mdogo unayemtoa pangoni bamvua hii, maji yanapokupwa mbali, ukimwacha mwezi mmoja tu uzito wake unaweza kukaribia maradufu. Kule Andavadoaka, Madagaska, wanakijiji walianza kufunga mwamba mwaka 2004. Mavuno yakaandikwa miaka mingi, na kwa kawaida walipofungua, kilo zilipanda.

Kinachotafutwa ndani ni mayai. Jike hutaga mara moja tu maishani, huyatundika darini mwa pango, akayalinda bila kula. Yakianguliwa, naye hufa. Mkijua majike hujaa mayai miezi gani, mtajua mwamba ufungwe lini. Kumtambua dume hakuhitaji kumpasua: tazama mnyiri wa tatu wa kulia, ncha yake haina vikombe vya kunatia.

Ila mtafiti haoni unachokiona wewe. Wewe hulijua pango lenye mwenyewe kwa maganda ya kaa yaliyorundikwa mlangoni. Mwambie umechokoa wapi na kwa muda gani, na siku uliyorudi mikono mitupu iandikwe pia. Nimekaa ufukweni na mizani na daftari miaka mingi, na siku tupu ndizo zinazosahaulika. Zikikosekana, hesabu yote hudanganya.

Watoto wa pweza huelea na maji wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Waliozaliwa kwenu huenda wakachokolewa Kenya. Utafiti wa kijiji kimoja hautoshi.

Ninachokihofia mimi ni siku ya kufungua. Vijana wa miwani ya kuzamia wakija kutoka mbali, kazi ya miezi 3 itakwisha asubuhi moja. Kubalianeni mapema nani atangulie. Kwangu mimi, watangulie kina mama waendao kwa miguu, wazamiaji wafuate. Na kabla ya siku hiyo mtafiti asimame mbele yenu asome hesabu zake kwa Kiswahili, nanyi mumuulize mpaka mridhike.