Viungo vyangu vimetulia, kwa nini nimeandikiwa dawa ya kolesteroli?

SWALI: Daktari, nina miaka 56 na huu ni mwaka wa 12 naugua baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo. Natumia methotreksati na asidi foliki, na namshukuru Mungu viungo vimetulia. Sasa kliniki wameniongezea atovastatini, ilhali kipimo cha kolesteroli kilionyesha niko kawaida. Nimesikia dawa hizi huwarefushia maisha wenye ugonjwa kama wangu. Ni kweli? Naogopa zisije zikaniletea maumivu mengine juu ya haya niliyoyazoea.

JIBU: Mama, nianze na hicho kipimo, kwa sababu kinawapotosha wengi. Baridi yabisi ya aina yako inapochachamaa, kolesteroli katika damu hushuka, hata ile mbaya ya LDL, huku hatari ya moyo ikipanda. Kwa hiyo karatasi ya maabara inaweza kusomeka vizuri wakati ateri zinaharibika. Uvimbe unaokula viungo vya vidole hauishii vidoleni. Kemikali zake huzunguka na damu, hufanya kuta za mishipa zipokee mafuta kirahisi, na mafuta yaliyojikusanya humo yanakuwa mepesi kupasuka. Yakipasuka, damu huganda pale pale na njia ikaziba. Huo ndio mshtuko wa moyo, au kiharusi kama ni mshipa wa ubongo.

Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa kwa wenye ugonjwa huu huzidi vya watu wengine kwa karibu asilimia 50. Ndiyo maana EULAR, jumuiya ya Ulaya inayotoa miongozo ya magonjwa haya, inashauri hatari ya moyo iliyokokotolewa kwa njia ya kawaida izidishwe kwa 1.5. Daktari wako hakutibu karatasi ya maabara peke yake; ameangalia umri wako, miaka ya ugonjwa na mengineyo. Na siku ukianzishwa dawa nyingine ya kuzima uvimbe, kama tosilizumabu, ukaona LDL imepanda, usishtuke: mara nyingi ni dalili kwamba uvimbe umezimwa.

Sasa hilo la kurefusha maisha. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza. Wenye baridi yabisi walioanza statini, yaani kundi la dawa za kolesteroli ambamo atovastatini yako imo, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 21 wakilinganishwa na wenzao waliofanana nao ambao hawakuanza. Ni tofauti kubwa, lakini kumbukumbu zina udhaifu wake: anayekubali kumeza kidonge kila siku huenda pia ndiye anayehudhuria kliniki na kujitunza zaidi.

Jaribio lenye nguvu zaidi ni TRACE RA, la huko huko Uingereza. Watu zaidi ya 3,000, wenye umri unaozidi miaka 50 au waliougua zaidi ya miaka 10, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa atovastatini miligramu 40, nusu kidonge kisicho na dawa. Kwa umri wako na miaka yako ya ugonjwa, ni watu kama wewe. Waliopatwa na matukio ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 1.6 kwa waliotumia dawa, na asilimia 2.4 kwa wale wengine. Tatizo ni kwamba matukio yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, jaribio likasitishwa mapema, na hesabu hazikuweza kuondoa uwezekano kwamba tofauti hiyo ni bahati tu. Mimi naiamini, kwa sababu punguzo lenyewe linaendana na linaloonekana kwa watu wasio na baridi yabisi. Lakini siwezi kukuambia kwamba jaribio hilo limethibitisha kurefuka kwa maisha. Limeonyesha njia inayoelekea huko. Na madhara hayakutofautiana kati ya makundi mawili.

Statini hupunguza uvimbe wa viungo kidogo tu, kwa hiyo isichukue kamwe nafasi ya methotreksati.

Kuhusu maumivu, hofu yako ina msingi, ila unaweza kuyatofautisha. Ya statini huwa kwenye misuli mikubwa, mapajani, makalioni, mabegani, pande zote mbili, bila kiungo kuvimba. Ya ugonjwa wako unayajua: vifundo vya vidole na viganja, vimevimba, vimekakamaa asubuhi. Yakija ya misuli, omba upimwe CK, kimeng'enya kinachopanda misuli inapoumia, badala ya kuacha dawa kimyakimya. Mkojo ukigeuka kahawia iliyokolea na misuli ikalegea, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra, lakini figo ziko hatarini.

Ini nalo linahitaji kuangaliwa, kwa kuwa methotreksati na statini zote huligusa. Damu unayotoa sasa kwa ajili ya methotreksati inatosha kufuatilia zote mbili. Kinachosahaulika zaidi ni dawa za muda mfupi. Ukiandikiwa klarithromaisini kwa maambukizi ya kifua, taja atovastatini kabla hujaondoka, kwa sababu antibiotiki hiyo huipandisha statini katika damu. Utabadilishiwa antibiotiki au utaambiwa usimamishe statini mpaka dozi iishe.