Kamera Ikigoma: Hatua za Kupima Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Kamera isiyowaka, kadi isiyosomeka, lenzi inayotoa ujumbe wa hitilafu: mara nyingi chanzo ni kitu kidogo cha nje. Kwa hiyo weka bisibisi chini. Ndani ya kamera yenye flashi mna kapasita inayohifadhi takriban volti 300, na umeme huo hubaki hata betri ikishatolewa.

Kamera ikikataa kuwaka, toa betri, kadi na lenzi, uiache dakika kadhaa. Rudisha betri iliyojaa peke yake, uwashe. Ikiwaka, rudisha kadi, pima. Kisha lenzi, pima tena. Kitakachoizima ndicho chenye shida. Ukirudisha vyote kwa mpigo hutajua lolote. Isipowaka, kagua mlango wa betri: kamera nyingi zina kijino cha plastiki pale kinachobonyeza swichi ndogo, na kikivunjika kamera hudhani mlango uko wazi. Betri iliyovimba usiilazimishe kuingia wala usiichaji tena.

Kadi ndiyo inayoliza watu, maana ndani yake mna kazi ya siku nzima. Ujumbe wa hitilafu ukitokea, acha kupiga papo hapo na usikubali kufomati (kufuta kadi yote na kuiandaa upya), hata kamera ikikuomba. Isome kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Picha zisipoonekana, tumia programu ya kuokoa mafaili kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, na uhifadhi picha kwenye diski nyingine; ukiziandika kwenye kadi ileile unaweza kufuta zile ambazo hazijaokolewa. Zikishakuwa salama, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Kadi ikirudia kosa, iache kabisa. Kadi nyingine nzima nayo ikigoma, mulika tundu la kadi kwa tochi utafute pini iliyopinda au uchafu.

Kamera ikisema kadi imefungwa, sukuma kile kiswichi cha pembeni mwa kadi ya SD kuelekea upande wa vichuma. Kamera ya zamani isiyosoma kadi ya GB 64 huenda ni nzima: nyingi zilitengenezwa kwa kadi zisizozidi GB 32.

Upande wa lenzi, namba ya f (inayoonyesha ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ikionekana 00 au --, lenzi na kamera hazizungumzi. (Kwa lenzi inayorekebishwa kwa mkono tu, isiyo na umeme, hiyo ni kawaida.) Zima kamera, toa lenzi, pangusa vichuma vyake vya dhahabu kwa kitambaa laini chenye tone la alkoholi ya aisopropili. Usitumie msasa, utaondoa dhahabu na kutu itafuata. Kisha piga picha tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, halafu kwa f/8. Ikikubali ya kwanza na kugoma ya pili, kasoro iko kwenye visu vya tundu au utepe wa nyaya ndani ya lenzi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Madoa yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi kwenye sensa, yaani kipande kinachonasa picha ndani ya kamera. Piga ukuta mweupe kwa f/22 bila kufokasi uyaone vizuri. Doa la juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele. Chaji betri ijae, chagua hali ya kusafisha sensa kwenye menyu, inamisha kamera uso chini, upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda juu ya kioo. Hewa ya kopo nayo hurusha kimiminika baridi kinachoacha alama.

Flashi isipolipuka, zima kwanza shata ya kimya (shata ni pazia linalofunguka kuruhusu mwanga; hali ya kimya hupiga bila mlio), kwani kamera nyingi huifunga flashi katika hali hiyo. Mstari mweusi ukikata picha, umevuka kasi ya shata inayokubaliana na flashi. Rudi 1/200 ya sekunde au kasi ndogo zaidi.