Ukipata Myford ya zamani, isome kwanza ndipo uibadili

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Fundi, nimepata mashine ya kukereza chuma ya Kiingereza, ya zamani, bei nafuu. Nitaibadilije itumie umeme wa nyumbani na ikate hesi (mikato ya skrubu na nati) za milimita?" Nami humrudishia swali: ni mashine gani hasa? Wengi hawajui. Wanajua rangi yake na bei yake, basi. Na tayari wameshaanza kuulizia bei ya mota.

Nitaeleza kwa mashine ninayoitumia mwenyewe, Myford ML7. Ilianza kutengenezwa mwaka 1946 huko Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza. Ni mashine ndogo, lakini ukiitunza inakupa kazi safi kiasi kwamba watu bado wanazigombania.

Anza na namba. Nenda mwisho wa kitanda, yaani zile reli ndefu zinazobeba sehemu nyingine, upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoshika ncha ya pili ya kazi, ufute grisi na rangi mpaka chuma kionekane. Namba za ML7 hutanguliwa na herufi K; za ndugu yake Super 7, iliyotoka mwaka 1953, hutanguliwa na SK. Tofauti ya hizo mbili si ya jina tu. Spindo ya ML7, ule mhimili unaozungusha kazi, inazungukia kwenye beringi za metali nyeupe (aloi laini), wakati Super 7 ina beringi ya shaba mbele na za gololi nyuma. Oili, kasi na namna ya kukaza vyote vinategemea hapo.

Usiishie kwenye namba wala kibati, kwa sababu vipuri huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Pima. Kutoka kitandani hadi katikati ya spindo, ML7 ina inchi 3.5, kama milimita 89. Waingereza hutaja kimo hicho cha senta, ilhali Wamarekani hutaja kipenyo chote cha kazi inayoweza kuzunguka juu ya kitanda. Kwa hiyo South Bend, mashine ya Kimarekani, ya "inchi 9" ina senta ya inchi 4.5, na usiilinganishe na "inchi 3.5" ya Myford ukadhani moja ni kubwa karibu mara tatu.

Kisha fungua chaki, kile kishikio cha kazi, upime hesi ya pua ya spindo. Kwenye Myford utapata kipenyo cha inchi 1⅛, yaani milimita 28.575, hesi 12 kwa kila inchi. South Bend ya inchi 9 ina inchi 1½ na hesi 8. Tumia geji ya hesi na uishike kwenye hesi nyingi kwa pamoja, kwa sababu hesi 12 kwa inchi ni hatua (nafasi kati ya hesi na hesi) ya milimita 2.117, na kwa hesi mbili tatu unaweza kuiona kama ya milimita 2. Chaki iliyolazimishwa kwenye hesi isiyo yake huharibu pua ya spindo, na hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ambayo ungetaka kuiharibu.

Kama hujui mashine ni ya inchi au ya milimita, weka dayo geji (kipimo chenye uso wa saa) kwenye slaidi ya kuvuka, ile inayopeleka kisu kwenye kazi, na uzungushe mpini mzunguko mmoja kamili. Ikisoma milimita 2.54, ni ya inchi.

Sasa nije kwenye kitanda, maana hapa ndipo pesa ya mnunuzi hupotea. Kaza jibi, ule utepe wa chuma unaoondoa mchezo wa kigari kinachobeba kisu, wakati kigari kiko karibu na chaki, hadi kitembee bila kucheza. Kisha kisukume hadi mwisho wa kitanda. Kikikwama njiani, kitanda kimelika upande wa chaki, ambako kazi nyingi hufanyika. Ukikilegeza kipite mwisho, kitacheza karibu na chaki. Wauzaji hupenda kukionyesha kigari katikati ya kitanda. Wewe kipeleke ncha zote mbili.

Lakini usiikimbie mashine kwa sababu hiyo tu. ML7 za kabla ya mwaka 1972 ziliongozwa na reli ya mbele peke yake, kwa nyuso zake mbili za wima, na uso wa ndani ndio unaolika. Kuanzia mwaka huo kiwanda kilibadili mpango: kigari kikaongozwa na uso wa nje wa reli ya mbele na uso wa nje wa reli ya nyuma. Maana yake, kwenye mashine ya zamani uso ule wa nyuma haujawahi kufanya kazi ya kuongoza. Uko vilevile ulivyotoka kiwandani. Mafundi wa Uingereza waliligundua jambo hili zamani, na dawa yake ni rahisi: unapima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) nafasi iliyopo kati ya kigari na uso huo wa nyuma, unatafuta bamba la chuma lililosagwa sawasawa lenye unene wa kuijaza nafasi hiyo, na unalibandika ndani ya kigari kwa gundi ya epoksi. Kigari kinaanza kuegemea chuma kisicholika. Hujakwangua kitanda, na ukitaka kurudi nyuma unapasha moto gundi inaachia. Kwa maoni yangu hakuna badiliko lenye faida kubwa kuliko hili kwenye ML7, na gharama yake ni ndogo mno.

Umeme. Mashine zilizotoka kwenye karakana na shule mara nyingi zina mota ya njia tatu, na nyumbani tuna njia moja. Usiitupe mota. Soma kibati chake. Kikiandikwa 230/400, unaifunga delta (moja ya namna mbili za kuunga nyaya zake; nyingine ni sta) na kuilisha kwa invata inayopokea njia moja na kutoa njia tatu za volti 230. Kikiandikwa 400 au 415 peke yake, kiungio cha sta kimefichwa ndani ya waya. Mpelekee fundi wa kusuka mota akitoe nje. Invata iunganishwe na mota moja kwa moja, bila swichi katikati. Kuwasha na kuzima kufanyike kupitia vituo vya amri vya invata yenyewe. Funga waya wa ardhi, na ukizima subiri kabla ya kufungua, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji.

Usishawishike na kitufe cha kasi. ML7 ilipangiwa mizunguko 35 hadi 640 kwa dakika, na metali nyeupe haitaki zaidi. Ukishusha kasi sana kwa invata badala ya kuhamisha mkanda, feni ya mota nayo inapungua na mota inachemka. Weka oili nyepesi ya haidroliki ya daraja 32, si oili ya injini.

Kuhusu milimita: skrubu ndefu ya ML7, inayosukuma kigari wakati wa kukata hesi, ina hesi 8 kwa inchi, hatua ya milimita 3.175. Gia ya meno 127 inatoa hesabu kamili, ila ni kubwa na inasumbua kuenea. Gia ya meno 21 inatosha. Kwa hesi ya milimita 1.5, panga gia ya meno 21 iendeshe ya 40, kisha ya 45 iendeshe ya 50. Unapata uwiano wa 0.4725, na kosa lake ni sehemu moja katika 8,000. Kwenye nati ya kawaida hutaliona.

Ila ukikata hesi ya milimita kwa skrubu ya inchi, usiiachie ile nati inayoshika skrubu ndefu mpaka umalize. Unatoa kisu, unarudisha kigari kwa kugeuza mzunguko. Hapo chaki ya kufungwa kwa hesi inaweza kujifungua, hasa invata ikigeuza ghafla, kwa hiyo iwekee muda wa sekunde kadhaa kupanda na kushuka. Kwa hesi fupi mimi situmii mota kabisa. Nimetengeneza mpini unaoingia nyuma ya spindo, nazungusha kwa mkono na kusimama panapotakiwa. Mpini huo una msumari wake juu ya swichi; msumari ukiwa mtupu, mpini bado uko kwenye spindo, siwashi.