Jibu: Yoga ya ufukweni na hofu ya mama

Pole, dada. Ulianza yoga pale Coco Beach kwa ajili ya mgongo, sasa mama anasema umebadili dini, na wewe mwenyewe umeanza kujiuliza u nani. Nilipita humohumo, mimi na shangazi yangu.

Usimwambie "ni mazoezi tu". Akigundua zaidi atakuona mwongo. Yoga imetoka India, na katika mafundisho ya kale mikao ya mwili ni sehemu ndogo. Shabaha ilikuwa kutuliza akili na kuikomboa nafsi. Madarasa ya mikeka na jasho yameenea zaidi karne ya 20. Kwa hiyo una nafasi ya kuchagua mazoezi bila ibada. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilitenganisha hivyo: likakataza yoga yenye ibada na mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa), likaruhusu ya mazoezi matupu. Mimi wenzangu wakiimba "om", mojawapo ya mantra hizo, nanyamaza, napumua. Hakuna mwalimu aliyenifukuza. "Namaste" naitikia, maana kwa Wahindi ni salamu ya kila siku.

Nenda na mama siku moja. Shangazi alitandika kanga mchangani amenuna, akaishia kuuliza kama inasaidia magoti!

Moyo ukiendelea kusita, muone shehe au mchungaji wako, si majirani.

Halafu huo mgongo: maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha mikao, kamuone daktari. Mkojo ukikushinda kuuzuia, nenda hospitali saa hiyohiyo.