Kabla ya Kuandika Mlinganyo, Jiulize Maji Yamefanya Nini

Aina za mmenyuko wa kikemia ni rahisi kukariri: kuungana, kutengana, kuchukuliana nafasi, kubadilishana. Tabu huanza pale mtu anapochanganya myeyusho wa kloraidi ya sodiamu na wa naitreti ya potasiamu, kisha akaandika mlinganyo wa kubadilishana kana kwamba kuna kilichotokea. Hakuna. Ioni nne (chembe zenye chaji ya umeme) zilizoingia majini bado zinaelea mle mle.

Kwa hiyo anza na kila kampaundi peke yake. Je, inayeyuka? Ikiyeyuka, inaachana kuwa ioni? Hayo ni maswali mawili tofauti. Sukari huyeyuka vizuri sana lakini molekuli zake hubaki nzima. Asidi ya siki ya 0.1 M (yaani moli 0.1 kwa lita) huachanisha takriban molekuli 1 tu katika kila 100, ndiyo maana kwenye mlinganyo wa ioni huandikwa nzima.

Chumvi zote za kawaida za sodiamu, potasiamu na amonia huyeyuka, na naitreti zote pia. Kloraidi nyingi huyeyuka, ila ya fedha na ya risasi hapana (ya risasi huyeyuka maji yakiwa moto). Salfeti za bariamu na risasi hugoma. Ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu, kama gramu 2 kwa lita, na hiyo ndiyo sababu vipande vya marumaru ndani ya asidi ya salfuriki hutoa mapovu kidogo kisha vikatulia: salfeti ya kalsiamu imevifunika na asidi haifiki tena. Tumia asidi ya haidrokloriki.

Makosa mengi zaidi hutokea kwenye kupima ioni. Ukitafuta salfeti, weka sentimita 2 za ujazo za myeyusho kwenye neli ya majaribio, ongeza asidi ya haidrokloriki hafifu mpaka mapovu yakome, ndipo utie matone ya kloraidi ya bariamu. Ukiruka asidi, kabonati ikiwamo nayo hutoa mashapo meupe (chembe ngumu zisizoyeyuka) ya kabonati ya bariamu na utadanganyika. Ukitumia asidi ya salfuriki, salfeti unayoitafuta umeitia mwenyewe! Kwa kloraidi, tia asidi ya naitriki kwanza, kisha naitreti ya fedha. Na maji yawe yaliyokenekwa, kwani ya bomba kwa kawaida yana kloraidi na yatatoa ukungu hata kama sampuli haina kitu.

Ukipima ioni za metali, haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, itiwe tone kwa tone huku ukitikisa neli. Zinki hutoa mashapo meupe ambayo huyeyuka tena alkali ikizidi, kwa hiyo anayemimina kwa pupa huona myeyusho usio na rangi kama maji na kuandika "hakuna badiliko". Mashapo ya buluu ya shaba hayayeyuki hivyo.

Ukiandaa lita 1 ya salfeti ya shaba ya 0.1 M kutokana na fuwele za buluu, pima gramu 25.0. Gramu 16.0 ni za unga mweupe usio na maji. Ukipima fuwele kwa kipimo hicho utapata takriban 0.064 M.

Masalia yenye fedha, risasi au bariamu yakusanye kwenye chombo chenye lebo, usiyamwage kwenye sinki.