Jibu kwa mwalimu wa ajira mpya: Hisabati na Kemia, watoto 90 darasani, maabara tupu

Mwalimu, hongera kwa ajira na karibu kazini. Umesema umepangiwa shule ya kata, unashika Hisabati na Kemia Kidato cha Kwanza na cha Pili, mkondo mmoja una watoto zaidi ya 90, maabara ni jengo lenye meza na sinki zisizotoa maji, na unaomba mbinu na material. Naona wengi hapo juu wameshakumwagia linki. Zangu zipo huko chini, ila kabla ya linki kuna kitu nakisisitiza kwa kila mwalimu mgeni anayeletwa ofisini kwetu: kusanya kwanza makosa ya watoto wako, halafu ndiyo utafute zana. Ukianza na zana utaishia kuchora manila nzuri za kumfurahisha mthibiti ubora, zibandikwe ukutani zipauke na jua, na mtoto hajabadilika.

Kwa hiyo, vikaratasi. Dakika tano za mwisho wa kipindi andika swali moja ubaoni, moja tu. Kila mtoto achane robo ya ukurasa wa daftari, ajibu bila jina akitaka, monita akusanye. Usisahihishe! Mtu mwenye vipindi kama vyako hana muda wa kusahihisha karatasi 90 kila siku. Zigawe mafungu matatu juu ya meza: waliopata, waliokosea kwa njia inayofanana, na wale ambao hata hujui walikuwa wanawaza nini. Ukishazoea, kazi yenyewe haimalizi muda wa chai. Fungu la pili ndilo somo lako la kesho.

Nikupe mfano ambao utakutana nao, nakuhakikishia. Uliza: hasi 3 toa 5 ni ngapi? Watakuandikia 8, tena chanya, na kwa kujiamini kabisa. Muulize mmoja kwa nini, atakwambia "hasi na hasi ni chanya". Kanuni ya kuzidisha ameibeba kaipeleka kwenye kujumlisha, kwa sababu aliikariri kama wimbo. Kumwambia umekosa na kumrudishia kanuni ileile hakusaidii.

Hapa sasa ndipo zana inapoingia, na yenyewe ni vizibo vya soda. Waambie watoto waokote, wiki moja mtakuwa na ndoo nzima. Kizibo kikilala upande wenye rangi juu ni chanya moja, ukikigeuza upande wa ndani uwe juu ni hasi moja. Chanya moja na hasi moja zikikaa pamoja zinauana, zinakuwa sifuri. Basi, hizo ndizo sheria zote. Hasi 3 toa 5 ni sawa na kuwa na vizibo vitatu vilivyogeuzwa, ukaongeza vingine vitano vilivyogeuzwa; wanahesabu wenyewe wanaona vinane, vyote hasi, hakuna chanya hata kimoja mezani.

Patamu ni pale unapowauliza hasi 3 toa hasi 5. Unavyo vitatu vilivyogeuzwa, unatakiwa uondoe vitano vilivyogeuzwa. Havipo. Waache wabishane kidogo, hapo usiwahi kutoa jibu. Atatokea mmoja (kwangu mara nyingi ni wale wa nyuma wanaoonekana wavivu) atakayesema si tuongeze zile jozi za sifuri, maana sifuri haibadilishi kitu. Wanaongeza jozi mbili, sasa hasi ni tano na chanya ni mbili, wanaondoa hasi tano, zinabaki chanya mbili. Baada ya hapo nawapa na lugha ya dukani: Mangi akikufutia deni la 500, hajakupa hela, lakini hali yako imepanda kwa 500. Siku inayofuata rudisha swali lilelile kwenye vikaratasi, ulinganishe mafungu.

Kuhusu makundi, usihamishe madawati kwa watoto 90, kipindi chote kitaishia kwenye kelele za miguu ya meza. Watoto wa dawati la mbele wageuke wawatazame wa nyuma, hilo ni kundi. Ukiweza, mwombe fundi seremala mabaki ya plaiwudi, uyapake rangi nyeusi ya ubao, kila kundi liwe na kibao chake na kipande cha chaki. Ukiuliza swali wananyanyua vibao kwa pamoja, na kwa mtazamo mmoja unajua darasa limesimama wapi. Katika vitu vyote nilivyowahi kutengeneza, hivi vibao ndivyo ningevibeba nikihamishwa.

Lugha. Najua miongozo inasema sekondari ni Kiingereza, na mtihani ni Kiingereza. Lakini mtoto wa Form One katoka shule ya msingi akisoma kila somo kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Ukimlazimisha afikirie asidi kwa lugha asiyoimudu, atanyamaza, na ukimya wake utadhani ni kuelewa. Mimi nawaacha wabishane kwa Kiswahili hadi wazo limekaa, kisha naandika ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza, wao wanaimalizia kwenye daftari. Sentensi mbili tatu kwa kipindi zinatosha, mradi waziandike wao, siyo kunakili zangu.

Tuje Kemia bila maabara. Topiki ya asidi na besi ndiyo rahisi kuliko zote na watu wanaifundisha kwa kuchora ubaoni karatasi ya litimasi, ile ya kupimia asidi na besi! Nenda sokoni ununue choya, ile rozela iliyokaushwa ya kutengenezea juisi. Konzi moja kwenye nusu lita ya maji ya moto, acha dakika kumi, chuja. Umepata kionyeshi (indicator), yaani maji yanayobadilika rangi yakikutana na asidi au besi. Kata chupa za maji za plastiki ubakize vitako, weka kionyeshi kidogo kila kimoja juu ya karatasi nyeupe, halafu watoto wadondoshee vitu: ndimu, siki, maji ya sabuni ya unga, maji ya majivu yaliyochujwa, maji ya magadi, maji ya kisima cha shule. Kwenye ndimu na siki wekundu unakolea na kung'aa. Kwenye magadi na majivu rangi inageuka kuwa ya kijani au bluu iliyofifia. Magadi yaweke kidogo, yakizidi rangi inaharibika kuwa njano ya kikahawia na watoto wanachanganyikiwa.

Usiishie hapo. Chukua kile kikombe kilichogeuka kijani kwa magadi, kikamulie ndimu tone kwa tone. Linatoka povu, hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi, na rangi inarudi nyekundu. Watoto wamekuona ukisawazisha besi kwa asidi kwa macho yao. Swali la kikaratasi siku hiyo: "Mama amekamulia ndimu kwenye maji ya majivu, nini kinatokea na kwa nini?" Majibu utakayopata hayafanani na yale ya kukariri. Angalizo moja: kionyeshi kitengeneze siku hiyohiyo, kikilala kinachacha, na watoto wazuie wasikinywe kabla ya kipindi kuisha, maana wanakijua ni juisi.

Kutu pia haihitaji hela. Misumari mipya minne, chupa nne: moja kavu kabisa na imefungwa, moja ina maji ya kawaida, moja maji ya chumvi, moja maji yaliyochemshwa yakajaa kisha yakafunikwa na mafuta ya kula juu ili hewa isiingie. Weka dirishani, kila kipindi watoto wachore walichokiona.

Usalama usiufanyie mzaha kwa sababu vifaa ni vya jikoni. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, isikutane na ndimu, siki wala asidi yoyote, inatoa gesi ya klorini. Na kuna walimu wanatumia maji ya betri ya gari kama asidi ya sulfuriki. Ni asidi kweli, ila kali, kwa Form One mimi siiruhusu mikononi mwao kabisa.

Sasa linki. Ya kwanza ni tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na sisemei mitihani iliyopita, hiyo kila mtu anaipakua. Nasemea ripoti za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi katika upimaji wa Kidato cha Pili, somo kwa somo. Humo wanaeleza swali kwa swali watoto walikosea wapi, na wanaweka vipande vya majibu halisi kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Ni ndefu, lugha yake kavu, na walimu wengi hawajawahi kuzifungua. Soma ya somo lako kabla hujaandika azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha mwaka mzima, utaona yale makosa ya vikaratasi vyako yamekusubiri humo.

Ya pili, maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vitabu vya kiada unavisoma bure. Ya tatu ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, michezo ya majaribio ya sayansi na hisabati iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Mingi unaweza kuipakua ukaichezesha bila intaneti, na baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kama shule ina kompyuta moja ya ofisini inatosha, ukiazima projekta. Ya nne ni tovuti ya Arvind Gupta, mhandisi wa India anayetengeneza zana za sayansi kwa takataka, ina picha za hatua kwa hatua hata lugha isikusumbue.

Kuhusu hela: choya, magadi, chaki na rangi ya ubao ni vitu vidogo, viandike kwenye maombi ya idara mapema, kabla ruzuku haijapangiwa matumizi mengine. Orodha ya maswali yangu ya vikaratasi vya namba hasi ninayo kwenye simu. Ukiihitaji sema, nitaipandisha hapahapa.